Nimevuta Ngapi?

Nyinyi mnaoshika kamba ya ishara leo kwenye maduara ya Geita, haya ni yenu. Nayaandika polepole kwa sababu kalamu inanidondoka. Nimeizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli ili inenepe, maana kitu chembamba vidole vyangu havikitambui tena. Wakati mwingine natazama karatasi na kukuta mstari mzima hauna kitu. Kalamu ilishaanguka kitambo, mimi bado nasogeza mkono. Mkicheka, chekeni. Dada yangu Minza naye hucheka, kisha anaiokota.

Kwa wasiojua kazi yenyewe, niieleze. Duara ni shimo la dhahabu. Kwenye mdomo wake kuna kamba mbili. Kamba nene ni ya winchi, inapandisha watu na viroba vya mawe, na inazungushwa na vijana wawili wenye misuli. Kamba nyembamba haihitaji misuli. Inahitaji vidole. Aliye chini akiivuta mara moja, anasema simamisheni. Akivuta mara mbili, pandisheni. Akivuta mara tatu za harakaharaka, kuna hatari, tutoeni. Simu haishiki kule chini, na mtu akipiga kelele, juu inafika kama kikohozi cha jirani. Kwa hiyo anayekaa juu na ile kamba nyembamba ndiye sikio la shimo zima, na sikio lenyewe ni vidole vyake vya mkono wa kushoto.

Mimi nilikuwa sikio hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka mmoja na zaidi wa mwisho nilikuwa kiziwi, nilijua kwamba ni kiziwi, na sikusema.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Lugata, mtu mfupi mwenye mdomo mchafu na moyo mwema. Siku ya kwanza alinikalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanifunga macho kwa kitambaa chake cha jasho, akaenda na ncha ya kamba nyuma ya kibanda.

"Nimevuta ngapi?"

"Mbili, mzee."

"Mbili za nani? Nimejikuna goti tu. Tayari umeshampandisha mtu ambaye hajaomba kupanda. Tena."

Tulicheza mchezo huo siku tisa. Siku ya kumi nilianza kutofautisha mtu anayevuta, mtu aliyejikwaa kwenye kamba, na tone la maji linalopita juu yake. Hilo la tone Mzee Lugata hakuliamini mpaka alipolijaribu mwenyewe, halafu akanitukana kwa furaha. Aliniachia masharti yake pia. Usijifunge kamba kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu aliye chini akianguka utamfuata. Usivae glavu. Usishike mafuta kabla ya zamu. Iweke kati ya kidole gumba na vidole viwili, kama mtu anayepima mapigo ya moyo ya mtoto.

Niliipenda kazi ile kwa sababu ilikuwa ya kwanza ambayo hakuna aliyeniuliza nimesoma mpaka wapi. Nilikuwa nimeishia darasa la tano, nyumbani Tinde. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Minza alikuwa anang'oka meno ya utoto, na Mabula, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Daftari langu la hesabu lilikuwa na kurasa nyingi nyeupe, nikazitumia kuwashia moto wa uji wake. Tangu hapo kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: hawa wawili wasianguke. Nilivuna pamba za watu Kishapu, nikachunga, nikafyatua matofali, na nilipokomaa nikaenda machimboni. Minza alisoma mpaka akafikia cherehani yake mwenyewe. Mabula nilimkataza kabisa kushuka shimoni. Alipokuwa mkubwa akaja Geita hivyo hivyo, kabegi mgongoni, anacheka.

"Kaka," aliniambia, "kama kamba unaishika wewe, mimi naogopa nini?"

Sentensi hiyo niliipokea kama sifa. Baadaye ikawa jiwe.

Ugonjwa haukuanzia mikononi. Kwanza ilikuwa kiu. Machimboni kila mtu ana kiu, jua kali na vumbi jeupe, kwa hiyo sikushtuka. Kosa langu ni dawa niliyoipa kiu hiyo: soda. Nne, tano kwa siku, na chai ya Mama Shija yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mama Shija alikuwa mama ntilie wa duara letu, mjane mwenye sauti ya kengele, aliyeniita shemeji bila kuwa na sababu yoyote. Nilizidi kunywa, nikazidi kukojoa, nikazidi kukonda. Nyuma ya kibanda kulikuwa na kisiki nilichozoea kusimama. Siku moja vijana wa winchi waliniita nikaone sisimizi, msururu mzima, wanapanda kile kisiki.

"Mzee Masunga, wenzako tunatafuta dhahabu, wewe unafungua kiwanda cha asali!"

Nilicheka nao. Mwili wangu ulikuwa umeandika barua wazi na kuibandika kwenye kisiki, na mimi nikaichekea. Nyinyi mkiona hivyo, msicheke. Nendeni mkapime.

Kukonda kwangu kulikuwa na tafsiri nyingine kwa baadhi ya watu, mnaijua. Walikuwa wananisalimia kwa upole uliozidi. Woga wa tafsiri hiyo ndio ulionifanya nisikanyage zahanati. Nilidhani nikipimwa nitaambiwa lile ninaloogopa, kumbe lilikuwepo jingine ambalo sikujua kuliogopa.

Kisha miguu. Ilianza kuchoma kama nimekanyaga majivu ya moto, baadaye ikanyamaza. Nikafurahi imepona. Jioni moja nilitembea kutoka duarani hadi kwangu, nikafika, nikavua kandambili, nikakuta ya kulia tu. Ya kushoto ilikuwa imebaki njiani sijui wapi, na unyayo una mwiba uliozama wote. Sikuwa nimesikia kitu. Nilikaa kitandani na ile kandambili moja mapajani kwa muda mrefu. Halafu nikatafuta nyingine, nikaendelea na maisha.

Vidole vilifuata. Vifungo vya shati vikawa adui. Sarafu mfukoni sikuweza kuijua kama ni sarafu au ufunguo. Mshiko nao ulikwisha. Kikombe kilinitoka mkononi hadharani, na Mama Shija akasema shemeji siku hizi ananyanyasa vyombo. Nilipomwambia kwamba mkono umekufa ganzi, akanishauri niukande kwa maji ya moto, kama wanavyofanya watu wengi. Aliweka beseni, akageuka kukoroga maharage. Nikatumbukiza mkono. Nilipoona hausikii joto, nikauacha humo, nasubiri joto liingie. Aliyegeuka na kupiga kelele ni yeye.

"Weee! Unajipika?"

Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge mpaka kifundoni. Alinipaka asali, akanifunga kitambaa, na hakutania tena siku hiyo. Tangu hapo alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Naomba mlishike hili hata kama mtasahau mengine: mtu mwenye ganzi asipime maji kwa mkono. Tumia kiwiko, au muombe mwenzako. Na usikae karibu na jiko ukiliamini.

Mtauliza kwa nini sikuiacha kamba siku ile ile. Nilijiuliza hilo kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa na jibu. Kwamba itapita. Kwamba ni ile zebaki ya kunasia dhahabu niliyokamua kwa mikono nilipokuwa naosha mchanga ujanani, na inatoka taratibu. Kwamba nikisema, nitaambiwa nirudi Tinde, na Mabula atabaki chini na mtu mwingine juu. Jibu hilo la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu lilikuwa na sura ya upendo. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa si kitu. Mtu aliyekuwa baba tangu ana miaka kumi na miwili hajui kukaa bila kushika kitu.

Kwa hiyo nikaanza ujanja. Kwanza niliitazama kamba badala ya kuisikiliza. Macho yalichoka, tena kamba ikivutwa kidogo haionekani. Kisha nikaifunga kifundoni, sharti la kwanza la Mzee Lugata nikalivunja nikiwa na akili timamu. Ganzi ikapanda ikafika kifundoni. Nikaihamishia kwenye kikunjo cha kiwiko, nikakunja mkono, nikaibana pale ambapo ngozi bado ilikuwa hai. Kuna siku niliishika kwa meno. Vijana wa winchi walisema mzee anatafuna kamba, chakula cha Mama Shija kimepungua. Lakini ilifanya kazi. Kiwiko kilisikia. Nilijiambia kiwiko kinatosha.

Tangu masika ya mwaka mmoja hadi kiangazi cha mwaka uliofuata, nilimshusha mdogo wangu kwa kiwiko.

Siku yenyewe ilikuwa na jua la saa nne. Chini walikuwa wawili, Mabula na mwenzake. Hamisi, kijana aliyekuwa anapanga matimba, ile miti ya kushikilia kuta za shimo, alikuwa juu anachonga miti mipya. Mimi nipo juu ya ndoo yangu, kamba kwenye kiwiko cha kushoto, mkono nimeukunja kama mwenye jeraha. Akatokea baba mdogo wetu, mdogo wake marehemu baba, kutoka Tinde. Hatukuonana miaka. Vumbi la safari lilikuwa limempaka nyusi. Nilimwona anavyofanana na baba, nikainuka kwenye ndoo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, Masunga. Mwanangu, umekonda hivi?" Akanyoosha mkono.

Kwetu, mkono wa baba mdogo hauachwi hewani. Unakunja magoti kidogo, unampa mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto unakiweka chini ya kiwiko chako cha kulia kuutegemeza, kuonyesha kwamba unampa mkono wote pamoja na wewe mwenyewe. Zamani nilisalimia wazee mia kwa namna hiyo, kamba ikiwa kwenye vidole vya kushoto, na vidole vikaendelea kusikiliza pale pale chini ya kiwiko. Siku ile, ili nimsalimie, nilinyoosha mkono wa kushoto. Kamba ikateleza kutoka kwenye kiwiko kilicho hai ikaingia kwenye vidole vilivyokufa. Nilijua. Nikasema ni salamu tu, ni muda wa kupumua mara mbili.

Lakini baba mdogo hakuachia mkono. Alikuwa ananiuliza habari za Minza, za mvua, za afya yangu, huku ananitikisa mkono taratibu kama wanavyofanya wazee wa kwetu. Nami nilikuwa namjibu. Nilikuwa na furaha hata, nisiwafiche.

"Shemeji!" Ilikuwa sauti ya Mama Shija. "Shemeji, mkono wako unatoka damu!"

Nikatazama chini. Kamba ilikuwa inakimbia na kurudi kati ya vidole vyangu, tatu, kisha tatu, kisha tatu, imeshachana ngozi, na damu inadondoka kwenye suruali ya baba mdogo. Iliniumiza machoni tu.

"Pandisheni!" nikapiga kelele. "Pandisheni watu!"

Vijana waliizungusha winchi kama wendawazimu. Yule mwenzake na Mabula alitoka kwanza, mweupe kwa vumbi, anatapika mate. Kamba nene ikashuka tena. Tulisikia mngurumo usiokuwa mkubwa, kama gunia linalomwagwa. Winchi ikawa nzito, ikasimama, ikaachia. Mabula akatoka kichwa, mabega, kiuno, na mguu wa kulia kifundo kimegeuka upande ambao kifundo hakigeuki. Ukuta ulikuwa umeanza kumwaga kifusi tangu mapema. Alikuwa amevuta kwa muda wote huo wa mimi kumwambia baba mdogo kwamba Minza hajambo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Wakati wanamlaza kwenye turubai, Mabula alinishika suruali.

"Kaka. Nilivuta. Nilivuta sana. Hukusikia?"

Nyuso zote zilinigeukia. Msimamizi wa duara alikuwa ameshafika, mikono kiunoni.

"Haikufika," nikasema. "Itakuwa ilikwama kwenye timba."

Maneno matano. Yalitoka bila kubisha hodi. Msimamizi akageuza shingo kumtafuta mtu wa matimba.

Mabula walimpeleka hospitali kwa pikipiki ya matairi matatu, na mimi nilikwenda naye, mkono umefungwa khanga ya Mama Shija. Tuliporudi kesho yake asubuhi, yeye na plasta mpaka gotini, tulikuta Hamisi ameshaambiwa akusanye vitu vyake. Kijana yule hakuwa na kelele. Mkewe alikuwa amejifungua wiki ile. Alikuja kibandani kwetu na msumeno wake umefungwa kwenye gunia, akasimama mlangoni.

"Mzee Masunga, shikamoo. Nimeshuka jana jioni kuangalia. Kamba ikikwama kwenye timba inakwangua gome. Gome liko zima, yote. Nimeyapapasa moja moja kwa mkono wangu. Nimewaambia, hawanisikii. Wewe una miaka mingi hapa. Niambie tu, timba langu ndilo lililomvunja Mabula?"

Nilitazama chini. "Ndivyo inavyoonekana, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nilimwita mwanangu, na kwa neno hilo hilo nikamzika.

Mabula alikuwa ameegemea ukuta, mguu juu ya kiroba. Kisha akavuta kamba ya kiatu chake kilichobaki, ndefu, ya buti.

"Kaka, njoo ukae hapa."

"Pumzika wewe."

"Njoo ukae. Shika hapa kwa vidole vyako. Sio kiwiko, vidole. Fumba macho."

Nilifumba. Sijui kwa nini nilifumba. Labda nilikuwa nimechoka.

"Nimevuta ngapi?"

Nikasikiliza. Hakuna kitu, giza tu ndani ya mkono. Nikakisia. "Mbili."

"Sijavuta. Na sasa?"

"Hapo hujavuta."

"Tatu, kaka. Nimevuta tatu, kwa nguvu."

Nilifumbua macho. Mabula hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alikuwa na sura ile ya utotoni, alipokuwa anasubiri uji upoe.

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana."

"Na mimi ulikuwa unanishusha."

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Ndiyo, Mabula."

Aliifunga ile kamba ya kiatu kwenye vidole vyake, akaifungua, akaifunga. "Hamisi hajafika mbali," akasema. "Mimi siwezi kukimbia. Wewe unaweza."

Sikuweza kukimbia, miguu yangu ilikuwa kama ya kuazima, lakini nilikwenda. Hamisi alikuwa kwenye kituo cha bodaboda, na bahati yangu ni kwamba msimamizi alikuwa pale pale ananunua vocha. Nilisema mbele ya wote, waendesha pikipiki wakisikiliza. Nilisema mkono wangu hausikii, kwamba nilijua na nikaficha, kwamba hakuna timba lililoshika kamba. Nikaonyesha vidole vilivyochanika. Msimamizi alinitukana kwa maneno ambayo sitayaandika, yote yalikuwa ya haki. Kisha akamwambia Hamisi arudishe msumeno kazini.

Nilimnyooshea Hamisi mkono. Hakuupokea. Alifunga gunia lake vizuri, akapita. Mpaka leo tukikutana ananiamkia, mimi naitikia, na tunaishia hapo. Sidai zaidi.

Hospitalini nilikwenda na Mama Shija, kwa sababu alisema peke yangu nitaishia dukani kwa soda. Mganga alikuwa binti mdogo kuliko Minza. Alinichoma kidole kupima sukari.

"Mganga, usinichome ghafla, nishtue kwanza."

"Nimeshachoma, mzee. Nimeshamaliza."

Mama Shija akageukia ukutani. Nadhani alikuwa analia, ingawa baadaye alisema ni dawa za hospitali zinamwasha macho.

Sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi, na inavyoonekana, ilikuwa hivyo kwa miaka. Mganga aliniuliza kuhusu zebaki, akaandika. Akanigusa vidole vya miguu na mikono kwa uzi mgumu, kwa pamba, na kwa chuma kinachotetemeka, na kila mara nilimwambia hajanigusa. Akanieleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, inaanzia mbali, miguuni, halafu mikononi, inavaliwa kama soksi na glavu. Nikakumbuka sharti la Mzee Lugata, usivae glavu. Nilikuwa nimeivaa zaidi ya mwaka, na haivuliki.

"Itapona?" nikamuuliza.

"Dawa na chakula vitashusha sukari, mzee. Ganzi inaweza kupungua, inaweza kubaki. Tunachopigania ni isipande zaidi."

Basi ndicho ninachopigania, huku nyumbani Tinde nilikorudi kuishi na Minza. Ugali wangu ni ngumi moja, na mboga za majani nyingi. Michembe ya Minza, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, naitazama kwa mbali kama mpenzi wa zamani. Miguu naikagua kila jioni kwa kioo kidogo, nyayo, katikati ya vidole, kwa sababu mwiba hauniambii. Viatu navikung'uta kabla ya kuvaa. Mpini wa jembe nimeuvisha tyubu kama kalamu. Vifungo vya mashati yangu Minza amevishona kwa juu viwe pambo, na ndani ameweka zile gundi za kitambaa zinazoachia kwa mlio. Mtoto wa jirani anaupenda sana huo mlio. Nina woga mwingi ambao sikuwa nao zamani, nikisikia mtu kakatwa mguu sehemu fulani silali vizuri, lakini naupendelea woga huu kuliko ule utulivu wa kiwikoni.

Anayeshika kamba kwenye duara lile sasa ni Mabula. Mguu haukupona sawasawa, hawezi kushuka. Ameongeza kitu ambacho sisi wa zamani tungekiona ni tusi: kopo la maziwa lenye changarawe, amelining'iniza kwenye kamba nyembamba. Aliye chini akivuta, kopo linapiga kelele na kila mtu anasikia. Mzee Lugata angelitupa kule na kumuuliza anachunga ng'ombe wa nani. Mimi nililiona nikasema kwa nini sikulifunga mwenyewe. Nilijua kwa nini. Kopo lingewaambia watu kwamba mkono wangu ni kiziwi.

Na kabla ya zamu, Mabula anamkalisha kila atakayemshikia kamba, anamfumba macho, anamuuliza nimevuta ngapi. Hata kijana mwenye afya ya fahali. Msikasirike akiwafanyia hivyo. Na kama ukikosa, sema umekosa, hapo hapo, hata kama chini yuko ndugu yako unayetaka kumshusha kwa mkono wako mwenyewe. Hasa kama yuko yeye.

Baadhi ya Jumapili anakuja Tinde, anachechemea kutoka barabarani, na kabla hata ya chai anatoa ile kamba ya kiatu mfukoni. Tunakaa uani. Nafumba macho. Kuna miezi napata mbili kati ya kumi, kuna miezi napata nne, na siku niliyopata nne mara ya kwanza Minza alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Jumapili iliyopita alivuta, nikasikiliza sana. Nilidhani kuna kitu, mbali, kama tone la maji.

"Tatu," nikasema.

Alichelewa kidogo kujibu. "Sawa, kaka. Tatu."

Nilifumbua macho. Alikuwa anatazama kamba, hanitazami mimi. Sauti ile naijua. Ni ya mtu anayesema kamba ilikwama kwenye timba.

"Minza," nikaita, "acha hiyo cherehani, njoo hapa." Nikafumba macho tena, nikanyoosha vidole. "Vuta upya, Mabula. Safari hii Minza ahesabu."